Sanduku la Mwalimu: Gololi moja, kasi tatu

Mwezi huu barua zinazouliza kuhusu kupima kasi zimezipita nyingine zote, hata zile za maswali ya umeme ambazo huwa hazikosi. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nilipoisoma niliikumbuka aibu yangu mwenyewe. Nyingine nimezijibu kadiri zilivyohitaji.

Swali: *Salaam, Mwalimu. Nafundisha sayansi darasa la sita, wanafunzi 54. Nilitaka tupime kasi kwa vitendo badala ya kuimba fomula. Kila kundi nililipa gololi, rula na simu ya kupimia muda, simu nyingine nikiziazima kwa walimu wenzangu. Gololi zilikuwa za aina moja, zikianzia kwenye mteremko wa vitabu vilevile, kisha zikipita juu ya meza umbali wa sentimita 60. Kundi la kwanza likapata kasi ya mita 0.9 kwa sekunde, la pili 1.7, la tatu 3.2. Wakaniuliza nani kapatia. Nikawaambia nitawajibu kesho. Kesho hiyo imeshapita mara tatu. Nifanyeje?*

Jibu: Mwalimu mwenzangu, hiyo "kesho" naijua. Mimi niliwahi kuisogeza muhula mzima.

Watoto waambie hivi: hakuna kundi lililopatia, na hakuna lililokosea kugawa. Warudishe kwenye muda walioandika. Sentimita 60 ni mita 0.6, kwa hiyo waliopata 0.9 walisoma sekunde 0.67 kwenye simu, waliopata 1.7 walisoma 0.35, na wale wa 3.2 walisoma 0.19. Ukiwatoa wa mwisho kwa wa kwanza, tofauti haifiki hata nusu sekunde. Hebu bonyeza kitufe cha simu mara mbili haraka uwezavyo, uone nusu sekunde ilivyo ndogo. Makundi yako yote matatu yamepotelea humo.

Tunasema tunapima kasi, lakini kwa vifaa hivi hakuna anayeipima. Tunapima urefu, tunapima muda, kisha tunagawa. Urefu hauna taabu, kwa sababu meza haiondoki. Ukiutilia shaka unarudi na rula yako. Muda ukishapita umepita, na aliyeunasa ni mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye hamu ya kushinda makundi mengine. Kwa hiyo kabla hujapima gololi, mpime mpimaji.

Chukua rula ya sentimita 30. Mwanafunzi mmoja aishike kwa juu ining'inie wima. Mwenzake aweke kidole gumba na cha shahada pande mbili za sifuri, bila kuigusa. Wa kwanza aiachie ghafla, asitoe ishara yoyote, na wa pili aidake. Someni alipodakia. Akidakia kwenye sentimita 10, kidole chake kimechelewa sekunde 0.14. Sentimita 15 ni 0.17, sentimita 20 ni 0.20, na 25 ni 0.23. Rula ikianguka yote hadi chini, amechelewa robo sekunde au zaidi. Watu wengi huangukia kwenye sekunde 0.2 hivi. Wape dakika kumi za kucheka na kudaka, na usiwakatize, kwani hicho ni kipindi cha sayansi kama kingine. Wakimaliza, waandike ubaoni: *kidole huchelewa sekunde 0.2*. Kisha waulize: kama gololi yenyewe ilitumia sekunde 0.4 na ushei kuvuka meza, kidole kinachoweza kukosea kwa 0.2 kitatuambia nini?

Watakujibu wenyewe, na dawa wataitaja wenyewe pia: njia iwe ndefu. Shukeni kwenye meza, nendeni sakafuni. Nakupa hesabu ya gololi inayokwenda mita 1.28 kwa sekunde. Katika nusu mita inatumia sekunde 0.39. Kidole kikiupunguza muda huo kwa 0.2, unapata kasi ya 2.6, kikiuongeza kwa 0.2, unapata 0.85. Gololi ni ileile, na jibu moja ni mara tatu ya jingine! Sasa ipe njia ya mita 3. Inatumia sekunde 2.34. Kosa lilelile la 0.2 litakupa 1.4 upande mmoja na 1.18 upande wa pili. Kidole hakijawa hodari zaidi, ila kosa lake limegawanyika kwenye muda mrefu.

Mambo machache ya kuangalia mkiwa sakafuni. Mteremko unatosha kuwa kadibodi iliyokunjwa katikati ikafanya mfereji, ikaegemezwa kwenye rundo la vitabu lenye kimo cha sentimita 15 hivi. Wekeni alama ya kalamu pale gololi inapoachiwa, na iachiwe, isisukumwe. Hapa watoto hudanganya bila kujua, maana kila mmoja anataka ya kwake ikimbie. Ukiona mkono unaisindikiza gololi, izuieni kwa rula kisha mwinue rula. Mstari wa kwanza wa chaki msiuchore mguuni pa mteremko. Usogezeni mbele kidogo, gololi iwe imekwisha kurukaruka. Na sakafu ijaribuni kwanza kwa kuviringisha gololi kwenda na kurudi, kwa sababu sakafu nyingi zinazoonekana sawa zina mwinamo, na gololi huujua kabla ya fundi.

Mpimaji awe mmoja, aanzishe saa mwenyewe na kuisimamisha mwenyewe. Nimeona madarasa mengi ambako mmoja anaachia, wa pili anapaza sauti "twende!", na wa tatu anabonyeza. Hapo umejumlisha uchelewaji wa watu wawili mwanzoni, na wa mtu mmoja mwishoni. Mtu mmoja akibonyeza mara zote mbili, kuchelewa kwake mwanzoni na kuchelewa kwake mwishoni hukatana kwa sehemu kubwa. Hayakatani yote, kwani mwanzoni anashtukizwa, ilhali mwishoni anaiona gololi ikija na huweza kubonyeza kabla haijafika. Ndiyo maana tunarudia.

Warudie mara tano. Tuseme wamepata sekunde 2.31, 2.44, 2.19, 2.40 na 2.36. Jumla ni 11.70, wastani ni 2.34, na mita 3 ukizigawa kwa 2.34 kikokotoo kinaandika 1.2820513. Waache wainakili yote, halafu waulize hiyo 513 ya mwishoni wameitoa wapi, kama ni gololi iliyowaambia au ni mashine. Mimi hubakiza 1.3. Mwanafunzi akibakiza 1.28 simkatazi. Akibakiza tarakimu zote saba baada ya nukta, namrudisha kwenye rula ya kudaka.

Na ile 2.19 isifutwe. Hapa ndipo penye aibu niliyoitaja mwanzoni. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa nawaambia watoto wafute namba "isiyofanana na wenzake", na majedwali yao yalipendeza kweli kweli. Siku moja mkaguzi amekaa nyuma ya darasa, mtoto akasimama kusoma matokeo: mita 2 kwa sekunde 0.08, kasi mita 25 kwa sekunde. Nikasema, "Vizuri, kaa." Kugawa kulikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nasahihisha kugawa tu. Mkaguzi hakunisema neno. Kipindi kilipokwisha alimwita yule mtoto akamwuliza kwa upole, "Gololi hiyo iliumiza mtu?" Mita 25 kwa sekunde ni kilomita 90 kwa saa. Mtoto alikuwa amebonyeza kitufe mara mbili kwa bahati mbaya, na darasa zima, nikiwemo mimi, hatukuwa tumejizoeza kuuliza kama namba inafanana na tulichokiona kwa macho. Tangu siku hiyo sheria yangu ni kwamba namba inafutwa pale tu mtu anapoweza kueleza kilichotokea: kitufe kilibonyezwa mara mbili, gololi iligonga mguu wa kiti, mpimaji alipiga chafya. "Haifanani na nyingine" si maelezo. Na hata hiyo ya kufutwa ipigwe mstari mmoja ili iendelee kusomeka.

Kwa wanafunzi 54 gawa makundi ya sita sita: mmoja anaachia, mmoja anapima muda, mmoja anadaka gololi isitokomee chini ya kabati, mmoja anaandika, wawili wanasimama kwenye mistari kuhakikisha haijapinda njia. Baada ya mizunguko mitano wabadilishane. Na usishangae makundi yakipata 1.2, 1.3 na 1.4. Safari hii ukiulizwa nani kapatia, una jibu siku hiyohiyo: wote wamepima kitu kimoja, kadiri vidole vyao vinavyoruhusu.

Simu zikiwa pungufu, funga jiwe dogo kwenye uzi ulining'inize. Uzi ukiwa sentimita 25 kutoka unapofungwa hadi katikati ya jiwe, kwenda na kurudi ni sekunde moja. Ukiwa mita moja, ni sekunde mbili. Kwa gololi ni saa ya shida kidogo, lakini kwa mtoto anayetembea mita 20 uwanjani inatosha kabisa.

Swali: *Shikamoo Mwalimu. Sisi tulipima gololi ikiwa bado kwenye mteremko. Ubao una mita 1.6. Nusu ya kwanza, mita 0.8, ilitumia sekunde 1.41, na nusu ya pili sekunde 0.59. Tukapata kasi ya 0.57 na ya 1.36. Mimi nikatafuta wastani wa hizo mbili, 0.96. Rafiki yangu akagawa mita 1.6 kwa sekunde 2, akapata 0.80. Tumebishana mpaka kengele. Nani yuko sahihi?*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako. Lakini ubishi wenu una thamani kuliko jibu, na vipimo vyenu ni vizuri mno, nimewaonea wivu.

Kasi ya wastani ni njia yote kugawanya kwa muda wote. Wewe ulizipa zile kasi mbili uzito sawa, kana kwamba gololi ilikaa na kila moja kwa muda ule ule. Haikufanya hivyo. Ilijikokota kwa sekunde 1.41 na kukimbia kwa 0.59 tu. Ile kasi ndogo ilitawala sehemu kubwa ya safari, kwa hiyo lazima iuvute wastani upande wake. Njia yako ingekuwa sahihi kama mngegawa safari kwa muda sawa, sekunde moja kwa sekunde moja, badala ya urefu sawa. Mjaribu hivyo.

Mtu maarufu wa kumpima kwa jicho hili ni Usain Bolt. Mwaka 2009 huko Berlin alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Gawa, unapata mita 10.44 kwa sekunde. Lakini mbio zile zilipimwa pia vipande vipande vya mita 20: cha kwanza sekunde 2.89, cha pili 1.75, cha tatu 1.67, cha nne 1.61, cha mwisho 1.66. Kagawe mwenyewe. Kipande cha kwanza kinakupa 6.9, cha nne kinakupa 12.4. Ile 10.44 yenyewe aliipita njiani akiwa anaongeza mwendo, kisha akaiacha nyuma.

Gololi yenu inafanya kitu safi zaidi ya Bolt, kwa sababu haichoki. Galileo alilishughulikia jambo hili kwa mpira wa shaba kwenye mfereji uliochongwa ndani ya ubao mrefu, akalieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1638. Saa ya kuhesabu sekunde kama ya simu yako hakuwa nayo. Aliacha maji yatiririke kutoka kwenye chombo kupitia tundu jembamba, akayapima uzito: maji mengi, muda mrefu. Alichokiona ni kwamba katika vipindi vya muda vilivyo sawa, mpira unaoanza kutoka kusimama hupita urefu wa 1, kisha 3, kisha 5, kisha 7.

Mnaweza kulisikia hilo kwa masikio. Kwenye ubao wenu wa mita 1.6 pima kutoka pale gololi inapoanzia: sentimita 10, 40, 90 na 160. (Toa moja kwa nyingine: 10, 30, 50, 70. Unaona?) Kwenye kila alama fungeni uzi mwembamba kuzunguka ubao, gololi iuguse na kutoa mlio mdogo. Inueni upande mmoja kiasi cha sentimita 18, mwiachie, mkae kimya. Nyuzi zinaachana mbali zaidi na zaidi, lakini milio inakuja kwa mdundo mmoja, kila nusu sekunde hivi. Mtu akipiga makofi sambamba nayo atajua mara moja uzi upi umekaa vibaya. Sikio linasikia mdundo uliopinda kabla jicho na kidole havijaafikiana.

Na swali la kwenda nalo: gololi ikimaliza ubao wenu, kasi yake ya mwishoni kabisa si 1.36. Ni kama 1.6, mara mbili ya wastani wa safari nzima. Kwa nini mara mbili kamili? Mbishane tena mpaka kengele.

Swali: *Mwalimu, mimi ni mzazi. Binti yangu anajua kugawa umbali kwa muda, ila akiambiwa abadilishe mita kwa sekunde kuwa kilomita kwa saa, leo anazidisha kwa 3.6, kesho anagawa. Nimemwambia akariri, hakariri.*

Jibu: Mzazi mwenzangu, asikariri. Mwambie awaze mtu anayepiga hatua moja ya mita moja kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3600, kwa hiyo atapiga hatua 3600, yaani mita 3600, yaani kilomita 3.6. Basi mita 1 kwa sekunde ni kilomita 3.6 kwa saa. Namba ya kilomita kwa saa lazima iwe kubwa kuliko ya mita kwa sekunde, siku zote. Akitoka na ndogo, amegawa pasipostahili.

Kisha mpeleke nje. Pimeni mita 20, atembee kawaida. Atatumia sekunde 14 au 15, karibu mita 1.4 kwa sekunde, na kwa kilomita ni kama 5 kwa saa. Hiyo 5 ibaki mwilini mwake. Kuna mwaka nilimwuliza mwanafunzi anatembea kwa kasi gani kuja shuleni, akanijibu bila kusita: kilomita 60 kwa saa. Nilicheka, kisha nikafungua kitabu chetu cha mazoezi nikaona kosa si lake, kwa maana kila swali mle lilikuwa la gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa. Kwake kasi ilikuwa jina lingine la sitini.

Akipenda hadithi, msimulie mabaharia. Walitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo, wakaiacha kamba ijifungue huku chombo kikisonga mbele, na mwenzao akitazama mchanga ukishuka kwenye chupa ya kupimia muda. Mchanga ulipoisha, walihesabu mafundo yaliyopita mkononi. Katika mpango uliozoeleka sana mchanga ulichukua sekunde 28 na mafundo yaliachana mita 14.4. Gawa, mita 0.51 kwa sekunde, ambayo ndiyo noti moja: kilomita 1.852 kwa saa. Mpaka leo kasi ya meli hutajwa kwa noti, na neno lenyewe, knot kwa Kiingereza, maana yake ni fundo.

Swali: *Mwalimu, gololi zetu zinapungua mwendo kabla ya kufika, na kwenye mteremko zinaongeza. Nahitaji kitu kinachokwenda kwa kasi isiyobadilika, ili wanafunzi wachore grafu iliyonyooka. Kigari cha betri sina.*

Jibu: Tumia kiputo cha hewa. Tafuta mrija wa kioo au plastiki unaopitisha mwanga, wenye urefu wa mita moja hivi. Ujaze maji, ubakize kiputo kidogo, uzibe ncha zote mbili barabara. Uchore alama kila sentimita 10. Ukiuinamisha, kiputo kinapanda juu, na baada ya mwanzo mfupi kinakwenda kwa mwendo mmoja hadi mwisho. Kinakwenda taratibu kiasi cha mtoto kuita kila alama na mwenzake kuandika muda. Grafu ya umbali na muda inatoka imenyooka hata kwa mikono isiyotulia, na kosa la kidole halina nguvu kwa sababu sekunde ni nyingi.

Kifaa hiki kinatumika sana katika shule za Hungaria, nao hukiita kwa jina la mwalimu aliyekibuni, Mikola Sándor. Alifundisha sekondari huko Budapest, na waliopita shuleni hapo ni pamoja na mwanahisabati John von Neumann na Eugene Wigner, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1963. Sisemi kiputo kilimpa Nobel.

Kuna mtego mmoja mtamu ndani yake. Waulize wanafunzi kabla hawajajaribu: mrija ukiwa umelala kidogo, ukiwa nusu ya njia, na ukiwa umesimama wima, kiputo kitakwenda kasi zaidi lini? Darasa karibu lote litasema wima. Usibishane nao, wape mrija. Watakuta kiputo kinafanya haraka zaidi mrija ukiwa umeinama nusu nusu, mahali pa digrii 45 hivi, na kinapungua mwendo unapokaribia kusimama. Nimeona mtoto akigeuza mrija mara tisa akiamini una kasoro.

Swali: *Je, si bora kutumia video ya simu badala ya kidole?*

Jibu: Ni bora, lakini ije pili. Video ya kawaida huwa na picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka picha moja hadi inayofuata ni sekunde 0.033. Gololi ya yule mwalimu wa kwanza, kwenye meza yake ya sentimita 60, ingeonekana katika picha kama 14, na ukikosea moja kosa lako ni sehemu moja ya kumi na nne tu. Simu isishikwe kwa mkono. Itazame njia kutoka ubavuni, mbali kiasi, na rula ilale kwenye njia yenyewe ya gololi. Ukiiweka karibu na kamera kuliko gololi, sentimita zake zitaonekana kubwa na kasi yako itatoka ndogo. Waanze na kidole kwanza, kwani mtoto ambaye hajawahi kuchelewa hataona faida ya hizo picha 30.

Swali: *Shikamoo Mwalimu. Nina miaka tisa. Naweza kupima kasi ya konokono?*

Jibu: Marahaba, mjukuu wangu. Unaweza, tena wewe una bahati kuliko wote walioandika hapo juu, kwa sababu konokono anakupa muda. Saa yenye mshale wa sekunde inatosha.

Mweke juu ya kioo au ubao uliolowana kidogo, kivulini. Usimchoree mstari wa kumwelekeza, hatakufuata. Subiri atoke kwenye gamba na aanze safari yake mwenyewe. Kila baada ya dakika moja weka alama ya kalamu pembeni mwa ncha ya kichwa chake. Ukimaliza alama sita, mrudishe ulikomtoa. Njia yake haitakuwa imenyooka, kwa hiyo chukua uzi, uulaze juu ya utelezi alioacha kwa kufuata kila kona, kisha unyooshe uzi kwenye rula. Gawa milimita kwa sekunde. Konokono wengi wa bustanini huwa karibu na milimita 1 kwa sekunde.

Katikati ya safari atasimama na kujikunja. Usizime saa. Andika tu kwamba alisimama dakika ya ngapi, kisha uhesabu mara mbili: mara moja ukiwa na dakika ya kusimama ndani yake, na mara ya pili ukiwa umeitoa. Niandikie umepata ngapi na ngapi.